Uchambuzi wa kisa: Kompyuta iko Dar es Salaam, mhasibu yuko safarini, katikati kuna laini moja ya simu

Kisa hiki ni cha mwaka 2003. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nimeondoa majina, mtaa, mji aliokuwa akisafiri mhasibu na aina ya biashara za wateja wake. Mengine nimeyaacha yalivyokuwa, pamoja na uamuzi wangu uliowaumiza watu wa nyumba ile.

Usuli

Mhasibu alikuwa mwanamke anayejitegemea. Aliishi Dar es Salaam nyumbani kwa mama yake mzazi, pamoja na binti wa dada yake aliyekuwa amemaliza shule na kusubiri nafasi ya chuo. Kila mwezi alisafiri siku kama kumi kwenda Nyanda za Juu Kusini kufunga hesabu za wateja wa huko. Huko alilala gesti, na simu ya chumbani ilipita kwenye swichibodi ya mapokezi.

Vitabu vyote vilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani, kwenye kona ya sebule, ikiendeshwa na Windows 2000. Modemu, yaani kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu, ilikuwa ya nje, ile yenye taa mbele, ya 56K (kasi ya hadi biti 56,000 kwa sekunde). Ilichomekwa kwenye laini ileile ya simu ya mezani ya familia. Folda ya wateja ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 11 hivi.

Mtu atauliza kwa nini hakunakili folda nzima kwenye laptopu kabla ya kuondoka. Alinakili. Shida ni kwamba akiwa safarini, risiti na ankara ziliendelea kufika nyumbani, na binti aliziingiza kwenye kompyuta kila siku. Siku ya tatu ya safari, nakala ya laptopu ilikuwa imeshapitwa. Mhasibu alihitaji kazi ya binti imfikie jioni ileile ili asubuhi akae na mteja mbele ya takwimu kamili.

Njia zilizokuwepo

Zilikuwa tatu. Ya kwanza, binti achome CD na kuipeleka stendi, ikabidhiwe kondakta wa basi la alfajiri, ifike jioni. Hii watu wengi waliifanya na ilikuwa ya kuaminika, ila inachukua siku nzima na haifai kwa faili linalobadilika kila siku. Ya pili, binti atume faili kwa barua pepe, na mhasibu aende intaneti kafe kulichukua. Ya tatu, mhasibu aingie mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani kwa simu.

Tulichagua ya tatu. Mhasibu alitaka kuona kazi ya binti na kuchagua mwenyewe anachohitaji, maana mara nyingi hakujua atahitaji karatasi gani mpaka mteja aulize. Hiyo ni sababu halali. Lakini mimi pia nilikuwa na hamu ya kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeisoma na sijawahi kuifanya kwa mteja. Hamu hiyo iliingia kwenye ushauri niliompa.

Machi: kupitia intaneti

Mpango wa kwanza ulikuwa hivi. Binti ataunganisha kompyuta ya nyumbani na mtoa huduma wa intaneti, mhasibu ataunganisha laptopu yake na mtoa huduma mwingine, kisha programu iitwayo VNC itamletea skrini ya nyumbani kwenye laptopu.

Kwanza kulikuwa na tatizo la anwani. Kila mara kompyuta ya nyumbani ilipopiga simu kwa mtoa huduma, ilipewa anwani mpya ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye intaneti. Binti alifungua dirisha la amri, akaandika ipconfig, akamsomea mama yake mdogo zile namba nne zenye nukta kwa simu ya mkononi. Laini ilipokatika, na ilikatika sana, anwani ilibadilika na kazi ikaanza upya.

La pili lilikuwa ucheleweshaji. Kabla ya kebo ya chini ya bahari ya SEACOM kufika pwani yetu mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Setilaiti ya aina ile imesimama kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe kupanda, kushuka, na jibu kurudi kwa njia hiyo huchukua karibu nusu sekunde hata kama vifaa vyote ni vipya. Ikiwa pande zote mbili zinapita kwenye setilaiti, zidisha. Mhasibu alibofya menyu na hakuna kilichotokea. Akabofya tena, na menyu ikafunguka na kufunga mbele ya macho yake.

La tatu ndilo lililomaliza mjadala. Mji aliokuwapo haukuwa na namba ya mtoa huduma wake, hivyo alipiga simu ya masafa ya mbali kuingia intaneti, huku nyumbani simu nyingine ikitozwa kwa dakika. Alilipia laini mbili ili kompyuta mbili zilizo nchi moja zizungumze kupitia angani. Usiku wa pili aliacha.

Aprili: kompyuta inapokea simu yenyewe

Nilirudi na wazo safi zaidi. Kama simu ya masafa inalipiwa hata hivyo, kwa nini isipigwe moja kwa moja nyumbani? Modemu ya laptopu ipige 022 na namba ya nyumbani, modemu ya sebuleni ipokee, na kompyuta mbili ziongee bila mtoa huduma yeyote katikati. Windows 2000 inaweza kupokea simu ya modemu hata kama hakuna mtu aliyeingia kwa nywila kwenye kompyuta, jambo ambalo Windows 98 haikuliweza. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ikiwaka, inakaa tayari.

Hapa nieleze jambo linalowachanganya wengi. Modemu zote mbili zilikuwa za 56K, lakini zikipigiana hazifiki huko. Kasi ya 56K hupatikana pale tu upande mmoja umeungwa na mtandao wa simu kidijitali, kama walivyofanya watoa huduma wa intaneti. Modemu mbili za nyumbani, kila moja kwenye waya wa kawaida, mwisho wao ni biti 33,600 kwa sekunde. Sisi jioni njema tulipata 26,400.

Kwa kasi hiyo, skrini ya pikseli 800 kwa 600 yenye rangi za biti 16 ni baiti 960,000. Bila kubanwa, kuivusha mara moja ni karibu dakika tano. VNC hubana na hutuma sehemu iliyobadilika tu, lakini kwenye kompyuta ile mandhari ya nyuma ilikuwa picha ya harusi ya familia, na kila dirisha lilipofungwa kipande cha picha kilivushwa upya. Tuliondoa picha, tukashusha rangi hadi 256, na kazi ikawezekana. Ilikuwa polepole, lakini ikawezekana.

Kwa usalama niliweka pia utaratibu wa kupigiwa tena: kompyuta ya nyumbani inapokea, inatambua jina na nywila, inakata, halafu inapiga namba iliyowekwa. Kwa mtu anayelala gesti haukufaa hata kidogo. Simu ya kurudi ilipokelewa na dada wa mapokezi, akasema "haloo" kwa modemu. Nikauondoa siku ya kwanza. Modemu ya laptopu nayo ilikataa kupiga kwa sababu mlio wa swichibodi haukufanana na ule inaoutarajia. Kuiambia isisubiri mlio kulitatua hilo.

Nilikuwa nimeujaribu mfumo huu kutoka ofisini kwangu, upande wa pili wa jiji. Ulipokea mara tano kati ya tano. Nikauacha ukipokea kila simu, usiku na mchana, kwa siku zote za safari. Modemu ilijibu haraka kuliko mtu anavyoweza kutoka jikoni hadi sebuleni.

Simu ya kutoka kijijini

Siku ya sita ya safari, kaka wa mama mwenye nyumba aliugua kijijini na kupelekwa hospitali ya wilaya. Mwanawe alipiga namba ya Dar es Salaam kwa simu ya kadi. Ilipokelewa. Alisikia mlio mkali, akaongea, hakuna aliyemjibu, na uniti zikakatwa kwenye kadi kwa kuwa simu iliyopokelewa hulipiwa hata kama aliyepokea ni mashine. Alipiga tena jioni. Alipiga tena kesho yake. Akaamini simu ya shangazi yake imeharibika.

Habari ilifika kwa mdomo wa abiria aliyeshuka stendi na kuombwa apite nyumbani. Mama alisafiri akiwa amechelewa siku tatu. Kaka yake alipona, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini siku zile tatu alilala wodini akijua dada yake amepelekewa habari na hakuja.

Niliitwa mhasibu aliporudi. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kiti, akanitengea chai. Kisha akasema: "Mwanangu, namba hii niliwapa watu wangu wote mwaka ule simu ilipoingia humu ndani. Wengine hawana namba yangu nyingine. Sasa wakinipigia wanajibiwa na mashine. Naomba uitoe."

Nilichomoa waya siku hiyohiyo. Mhasibu hakunilaumu mbele ya mama yake. Nje ya geti aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna namna nyingine.

Mei: mpango wa tatu

Tulipima mawazo kadhaa. Kuchelewesha modemu mpaka mlio wa nane: mchana nyumba ikiwa tupu, mpigaji angekutana na mashine ileile. Kuiruhusu saa tatu hadi saa nne usiku tu: habari za ugonjwa hazichagui saa. Laini ya pili: gharama yake haikulingana na kazi ya siku kumi kwa mwezi.

Jibu lilitoka kwa binti. Alisema, "Si mama mdogo anibipu tu, nichomeke waya?"

Kubipu kila mtu alikujua. Unapiga simu ya mkononi, inalia mara moja, unakata kabla haijapokelewa, hulipi kitu. Bipu hubeba habari mbili, nani anakuita na saa gani, na hizo ndizo pekee tulizozihitaji. Tukakubaliana hivi: mhasibu akibipu, binti anachomeka waya wa simu kwenye modemu na kubipu kujibu kwamba tayari. Kazi ikiisha, mhasibu anabipu tena na waya unachomolewa. Nusu saa ikipita bila bipu, binti achomoe bila kusubiri. Modemu yenyewe ilibaki imewaka muda wote, maana ukiizima na kuiwasha Windows inaweza isiitambue. Kilichotoka na kuingia ni waya wa ukutani. Tuliandika hayo kwenye karatasi na kuibandika juu ya simu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuachana na skrini. Nilipomuuliza mhasibu hasa alichofanya zile jioni za Aprili, ikaonekana mara nyingi alifungua faili moja, akasoma jedwali moja, akalinakili kwenye daftari. Basi alihitaji faili. Kila jioni binti alifunga kazi ya siku kwenye faili moja lililobanwa, lenye jina la tarehe, kwenye folda moja. Mhasibu hakufungua folda kwa kipanya, kwa sababu Windows ikionyesha folda ya mbali hupeleka na kurudisha maswali mengi madogo kabla ya kuonyesha chochote. Aliandika amri ya kunakili ya Windows, xcopy, yenye /z na jina la faili. Hiyo /z huifanya nakala iendelee kutoka ilipoishia laini ikikatika.

Matokeo

Jioni ya kwanza faili la kilobaiti 620 lilivuka kwa takriban dakika nne. Kubipu, kuunganisha, kunakili, kukata: chini ya dakika kumi. Jioni ya pili mvua ya masika ilinyesha Dar es Salaam, laini ikajaa mikwaruzo, kasi ikashuka hadi 14,400 na kukatika mara mbili. Faili lilifika. Mhasibu alifunga hesabu za mwezi huo akiwa hukohuko, na katika siku zote hizo hakuna mtu aliyempigia mama akajibiwa na mlio.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa langu, na halikuwa la vifaa. Nilimuuliza mhasibu maswali mengi: kompyuta ya aina gani, faili za ukubwa gani, gesti ina simu ya namna gani. Sikuuliza nani mwingine anaitumia laini hii na kwa shughuli gani. Kwenye karatasi yangu laini ya simu ilikuwa njia ya data. Kwa mama ilikuwa mahali ambapo ukoo mzima ulijua pa kumpata. Mwenye laini alikuwa sebuleni nikifunga vifaa, akanitengea chai hata siku ile ya kwanza, na sikumweleza kitakachotokea simu yake ikilia.

Jaribio langu pia lilikuwa na upofu. Nilijaribu mara tano, na mara zote tano mpigaji alikuwa modemu. Sikujaribu hata mara moja kupiga kama binadamu. Ningefanya hivyo ningeusikia mlio ule mwenyewe, na nadhani ningejiuliza.

Kuhusu usalama, waya uliochomolewa ulitufaa kuliko chochote. Zilikuwepo tayari programu za kupiga namba moja baada ya nyingine kutafuta modemu inayojibu. Aprili nzima kinga yetu ilikuwa nywila peke yake. Kuanzia Mei mlango ulikuwepo dakika kumi kwa siku, mbele ya macho ya mtu. Faida ya ziada ni radi: modemu nyingi za wateja wangu ziliungua kwa radi iliyopita kwenye waya wa simu, kwa hiyo waya kukaa nje wakati wa masika ni kinga nyingine.

Hesabu ya ukubwa ingetangulia kila kitu. Folda nzima ya megabaiti 11 kwa biti 26,400 kwa sekunde ni karibu saa nzima ya simu ya masafa, laini isipokatika. Kwa mzigo wa namna hiyo CD kwa kondakta inashinda, nami leo ningemwambia mteja hivyo bila kusita. Faili la kilobaiti mia sita ndilo linalostahili simu. Mpaka kati ya hizo mbili hupatikana kwa penseli, kabla ya kufungua boksi la modemu.

Jambo ambalo hata mpango wa tatu haukulikinga ni faili kuwa mawili. Katikati ya Mei mhasibu alisahihisha maingizo kwenye nakala yake huku binti akiendelea kuingiza risiti kwenye ile ya nyumbani. Alipotaka kurudisha yake, tukagundua kwamba ingefuta kazi ya siku tatu. Waliketi siku nzima kulinganisha mstari kwa mstari. Baada ya hapo faili zilikwenda upande mmoja tu, kutoka nyumbani kwenda kwa mhasibu. Masahihisho aliyatuma kwa mdomo, binti akayaingiza na kuyasoma tena kwa sauti.

Udhaifu wa mwisho ni kutegemea mtu mmoja. Mwezi Juni binti alikwenda kukaa kwa baba yake mdogo kwa wiki nzima, na mhasibu alikuwa ameshasafiri. Nilidhani safari hiyo tungerudi kwenye CD na basi. Kabla ya kuondoka, binti alikuwa ameacha simu yake ya mkononi juu ya meza ya kompyuta, risiti zote zikiwa zimeshaingizwa na mafaili yamepangwa kwa tarehe. Jioni saa mbili mhasibu alibipu akiwa na wasiwasi. Dakika moja baadaye alibipiwa. Mama alikuwa amevaa miwani, amesoma karatasi iliyobandikwa juu ya simu, na amechomeka waya mwenyewe.